Samaki Aliyesafishwa Mno

Ruphin hakuwahi kumpa mtu samaki mchafu, na hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa. Kule kwao Uvira alipika kwenye jiko la mapadri kwa miaka kumi na minne, chini ya mtawa aliyeitwa Sista Sesilia, ambaye akikuta tone la damu sahanini alimrudisha jikoni samaki pamoja na mpishi. Kwake alijifunza kanuni isiyo na mjadala: kichwa kitoke, matumbo na ini vitoke, kisha nyama ilowekwe, ioshwe, ilowekwe tena mpaka maji yabaki meupe. Mgeni hapewi damu.

Vita vilipomfikisha Durban, hakuwa amebeba mali nyingine ya maana zaidi ya kanuni hiyo. Alilinda magari barabarani huko Overport, akabeba mizigo, na mwaka 2011, akiwa na miaka hamsini na mitatu, akapata kazi ya jikoni kwenye kituo kimoja cha kutibu wanyama wa baharini. Mkewe Yvette, msusi wa saluni, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema mume wake amepandishwa cheo, ametoka kwa mapadri na sasa anapikia sili.

Sili ni mnyama wa baharini mwenye manyoya, masharubu na macho ya mtu aliyeonewa. Kwao ni visiwa vya baridi kusini ya mbali, na akionekana Durban ujue amepotea. Kila majira ya baridi bahari huwatupa ufukweni wachache, wengi wao watoto walioacha kunyonya juzijuzi, ngozi na mifupa. Kituo kiliwalisha samaki wa kugandishwa mpaka wanenepe, kisha kikawarudisha baharini. Kuwayeyusha hao samaki, kuwatengeneza na kuwalisha sili ilikuwa kazi ya Ruphin.

Ukutani jikoni palikuwa na karatasi ya Kiingereza iliyoandikwa na dokta wa kituo. Ilisema samaki ayeyuke ndani ya friji, asitiwe majini, asipasuliwe, na kidonge cha vitamini kifichwe ndani ya tamvua lake, pale anapopumulia. Ruphin aliisoma siku ya kwanza, akaielewa, akaona ni karatasi ya watu wavivu. Basi kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, alifanya kama alivyofundishwa Uvira. Na kwa kuwa kichwa kilishakwenda na matamvua yake, kidonge alikichomeka kwenye mkato wa tumbo. Watu waliingia jikoni mwake, wakavuta pumzi na kusifu: hakuna harufu hata kidogo. Sifa hizo alizipokea, tena kwa kidevu juu.

Dokta mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Zaahira, mzaliwa wa mtaa wa Chatsworth, katika ile jamii ya Wazanzibari wa Durban, vizazi vya watumwa walioachiwa huru. Lugha yake ilikuwa Kiingereza, ila Kiswahili cha nyanya yake kilikuwa bado kimemkaa mdomoni. Yeye alimwita Ruphin Anko, kama Chatsworth wanavyomwita kila mwanamume aliyewazidi umri. Siku nyingi dokta alikuwa mbioni, akitibu wanyama wa vituo viwili, na akipita bwawani alikuta ndoo tupu na sili wameshiba.

Julai 2012 aliletwa sili jike aliyeokotwa ufukweni karibu na Isipingo, mdogo mno, kilo tisa tu. Ruphin alimpenda, hakuna haja ya kuficha. Alimchagulia samaki walionyooka, akawaosha mara tatu badala ya mbili. Sili akanenepa. Wiki ya tano kichwa kikaanza kumtikisika, kama cha mzee anayekataa jambo. Kisha akawa anatetemeka mwili mzima, akitazama juu pasipo na kitu, na samaki akiletwa anageuza uso.

Zaahira alitoa damu akaipeleka maabara mara mbili. Majibu hayakuonyesha ugonjwa wowote. Lakini mwaka uliotangulia sili wawili walikuwa wamekufa kwa dalili hizohizo, na mabwawa ya jirani yalikuwa na wanyama wengine. Akihofia ni maradhi ya kuambukiza yasiyojulikana, aliamua kwamba Ijumaa saa nne asubuhi, kama hakuna mabadiliko, angemchoma sili yule sindano ya kumlaza moja kwa moja. Alipokuwa akimweleza Ruphin, alisema jambo moja linamtatiza: mnyama anaonekana kama hajawahi kuonja kidonge cha vitamini, lakini hilo haliwezekani, maana vidonge vinaisha koponi kila siku.

Alhamisi jioni Ruphin alimwaga maji ya bwawa ili alisugue. Chini, kwenye wavu wa bomba, alikuta uji wa manjano, na ndani yake vidonge ambavyo havijayeyuka vizuri. Alihesabu kumi na kimoja. Sili akimrusha samaki kabla ya kummeza, mkato wa tumbo ulifunguka na kidonge kikatoka. Alikaa kwenye ukingo wa bwawa.

Nyumbani alimweleza Yvette. Yvette alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha kwamba mkataba wake unakwisha mwezi ule, kwamba karatasi zao za ukimbizi hazimvutii mwajiri yeyote, na kwamba mnyama ni mnyama. Hakuwa mkatili, alikuwa anapiga hesabu ya nyumba yake. Ruphin hakumbishia, wala hakula.

Mficha uchi hazai, lakini hakuna anayependa kuvua nguo mbele ya bosi wake. Ijumaa saa tatu alimkuta Zaahira ofisini akiandaa sindano. Alibaki amesimama.

"Dokta, ile sili haiko na ugonjwa. Ni mimi."

Akamweleza yote: kichwa, ini, maji, mkato, vidonge vya kwenye wavu. Zaahira aliweka sindano chini na kumweleza, taratibu, jambo ambalo karatasi haikusema. Sili aliye huru baharini hupata vitamini kwenye maziwa ya mama, baadaye kwenye samaki mbichi anayemmeza mzima, na matumbo yake na ini lake. Samaki wa kugandishwa ameshapungukiwa. Ukimloweka, kilichobaki kinakwenda na maji. Ndiyo maana ya kidonge. Mtoto aliyeachishwa mapema hana akiba mwilini, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kutetemeka.

"Anko," alisema, "niliandika Kiingereza tu, tena bila kutoa sababu. Kama hukuielewa, kosa ni langu."

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi mbele ya Ruphin, na aliuona.

"Nilisoma, dokta. Nilielewa. Nilionaka ni uvivu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Wale wawili wa mwaka jana pia."

 Zaahira alichukua kichupa kingine, cha vitamini B1, wakaenda bwawani, Ruphin akamshika sili shingoni naye akachoma. Jumamosi kichwa kilitulia. Jumatatu sili alimmeza samaki mzima, ana kichwa, ana damu, kutoka mkononi mwa Ruphin, ambaye alifurahi mpaka akalazimika kugeukia ukuta.

Mchana huo Zaahira alimwita. Mkataba ungeendelea, alisema. Mpishi anayekubali kosa ni bora kuliko asiyekosea mbele ya watu. Mezani palikuwa na mafaili ya wale sili wawili, na penye sababu ya kifo palikuwa pameandikwa: haijulikani. Alikata neno hilo kwenye yote mawili, akaandika: upungufu wa vitamini.

Ruphin alimwomba aongeze hapo jina la aliyewalisha, yaani lake mwenyewe.

Zaahira aliigeuza fomu ili aione vizuri. Palikuwa na mahali pa uzito, pa tarehe, pa jinsia, pa ufukwe alikookotwa mnyama.

"Hakuna mahali pa kuandika jina, Anko."

Ruphin aliisoma fomu yote, mstari kwa mstari, akiitafuta nafasi hiyo.