Mama Anasema Niko Kazini Nyeri

Maktaba ya gereza letu ilikuwa stoo ya blanketi kabla ya kuwa maktaba, na hata siku niliyoondoka vitabu vilikuwa bado vinanuka blanketi. Nilipewa kazi ya kuitunza kwa sababu zamani nilikuwa karani wa kupokea maziwa Mukurweini, na mkuu wa gereza aliona kwamba aliyeweza kutunza mikebe ya maziwa hawezi kushindwa na vitabu. Sikubishana naye. Wenzangu walitoka kila asubuhi kwenda kupalilia kabichi kwenye ile baridi ya Julai, mimi nikabaki ndani, nimekaa kwenye kiti. Mtu ambaye hajafungwa hawezi kuelewa maana ya kiti. Gerezani askari akikusemesha unachuchumaa, ukihesabiwa unachuchumaa, ukingoja uji unachuchumaa. Mimi nilikuwa na kiti, na nilikilinda kuliko vitabu.

Kazi yenyewe ilinichanganya tangu mwanzo. Kitabu kilichoazimwa zaidi kilikuwa cha ufugaji wa nguruwe, na wengi waliokigombania walikuwa wa kifungo cha maisha. Sijui walikuwa wanapanga nini. Vitabu vya nyimbo za kanisa vilipendwa pia, kwa kuwa karatasi yake ni nyembamba na inasokota sigara vizuri. Wavutaji walichana kila kitu wakaacha nyimbo za mazishi, nadhani kwa kuogopa. Nilifoka, nikatishia kuwashtaki, na kesho yake kurasa zikapungua tena. Halafu kulikuwa na vitabu vya sheria, maana kila mfungwa ni wakili wa kesi yake. Mzee mmoja wa bloku yetu alinirudishia kimoja kwa kukitupa mezani.

"Hii kitabu haifanyi kazi," akaniambia. "Nimesoma yote mpaka mwisho na bado niko hapa. Nipatie ingine."

Nikampatia kingine. Ningemwambia nini?

Mama yangu anaishi Gakindu, kwenye shamba dogo la kahawa na migomba. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nimepewa jina la baba yake, kwa hivyo huniita baba. Alikuwa anakuja kuniona kila akipata mtu wa kumwachia ng'ombe. Alipokuja mara ya kwanza tangu nipewe ile kazi, nilitaka arudi nyumbani na habari moja nzuri, nikamwambia, "Mama, wamenipatia kazi. Niko kwa maktaba." Akashika kifua, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka askari akageuka. Nilidhani amefurahi kwa sababu sitanyeshewa tena.

Mara iliyofuata alikuja amevaa nguo za kanisani, na kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi. Tuliongea Kiswahili badala ya lugha ya kwetu, kwa sababu askari wa zamu alikuwa mtu wa magharibi ya nchi na alitaka kuelewa kila neno linalopita kwenye wavu uliotutenganisha.

"Kazi inaendelea aje, baba?"

"Inaendelea vizuri, mama."

"Umekonda. Hawa watu wa ofisi hawakupatii lanchi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia askari.

"Wewe ndio mkubwa wake? Asante sana kwa kuandika kijana yangu. Hata kwa kanisa nimewaambia ako na kazi hapa Nyeri."

Askari aliniangalia, nami nikamwangalia. Mimi nimevaa sare ya mistari, yeye ameshika rungu.

"Karibu, mama," akasema mwishowe. Sijui kama ilikuwa heshima au alikuwa amechanganyikiwa kama mimi.

Niliwaza jambo hilo nikipanga vitabu, nikawaza nikipangua. Mama alikuwa amekaa benchi ya mbele kortini siku niliyohukumiwa. Aliziona pingu. Asingeweza kutojua. Siku moja nikaamua kwamba ni ujanja wake wa kuepuka midomo ya Gakindu, nikamkasirikia, maana hata kama nimemwaibisha mimi bado ni mtoto wake. Siku nyingine nikakumbuka kwamba aliniuliza kuhusu jino langu bovu mara mbili katika ziara moja, na hasira ikageuka hofu. Huenda ni akili imeanza kuteleza. Sikujua nimnunie au nimlilie, na kwa kuwa sikujua, niliwafokea wavutaji.

Basi jaji akaja gerezani. Alikuwa anapitia vifungo vya watu ambao wangeweza kumalizia nyumbani, na jina langu likawa kati ya yale aliyoyachagua. Kwangu kulikuwa kumebaki miaka mitatu. Kilichohitajika ni afisa wa probesheni kwenda kwetu kuuliza kama familia itanipokea. Familia yangu iliyobaki ni mama tu. Nilianza kuaga vitabu kimoyomoyo.

Afisa mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viatu vilivyojaa tope jekundu la kwetu. Alikuja maktaba, nikampisha kiti changu.

"Nimetoka kwenu," akasema. "Mama yako amenipikia chai. Lakini anasema hana mtoto jela."

"Ati nini?"

"Anasema ako na kijana anafanya kazi kwa maktaba, hapa Nyeri. Ati kama kuna mtu jela na jina kama hiyo, ni wa boma ingine." Akanitazama kama mtu anayeomba msaada. "Sasa mimi nitamwambia jaji nini? Familia ikikukana, hawezi kukuachilia. Utamalizia hapa hapa."

Niliketi sakafuni bila kuambiwa. Nilimwomba aende tena. Akasema atapita juma lijalo akiwa na safari nyingine upande ule, ila hiyo ndiyo itakuwa mara ya mwisho.

Bahati nzuri mama alikuja kabla ya juma kuisha. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeapa nitamwambia wazi, hata akilia.

"Mama, hapa ni wapi?"

"Si ni Nyeri."

"Nyeri wapi?"

"Kwa kazi yako."

"Angalia hii nguo, mama. Hii ni nguo ya kazi?"

Aliiangalia kwa muda mrefu, kutoka kola hadi chini.

"Si ni yunifomu," akasema.

Askari akakohoa. Mimi nilitaka kuupiga ule wavu ngumi. Nilitaka pia kupitisha kidole kwenye tundu lake nimguse. Vyote viwili, kwa wakati mmoja. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na sikuona dalili yoyote ndani yake ya kunionyesha kama yuko nami au yuko mbali. Nikasikia mdomo wangu ukisema jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Mama, kazi imeisha. Wamenifuta."

Utulivu ukaondoka usoni mwake. "Umefanya nini?"

"Tumekosana. Yule mama alikuja kwako atarudi. Atakuuliza kama nikuje nyumbani. Ukisema hapana, mimi nitabaki hapa na sina mahali ingine."

Alikaza kitambaa chake kichwani, akachukua kikapu, akaondoka kabla ya muda wetu kuisha, bila hata kuniaga. Nilirudi maktaba nikiwa na uhakika kwamba nimeharibu. Mtu alikuwa amejivunia kitu kimoja maishani mwake, nami nilikuwa nimekichukua na kumwachia mtoto asiye na kazi. Siku hizo sikumfokea mtu yeyote. Wavutaji wakachana kurasa walivyotaka.

Afisa aliporudi hakuketi.

"Amesema hivi," akaniambia. "'Arudi, hata kama amefutwa. Nyumba ni yake.'"

"Na habari ya jela?"

"Hiyo sikumuuliza tena. Mimi nimesema familia inakupokea. Ni ukweli, ama si ukweli?"

"Ni ukweli," nikasema, ingawa sikuwa na hakika ni familia ya nani tuliyokuwa tukiizungumzia.

Jaji aliniachilia, nikafika Gakindu mchana, nikiwa na nguo zangu za zamani zilizonipwaya mabegani. Majirani walikuwa wamejaa uani. Mama aliwaambia kwamba nimemaliza kandarasi yangu kule maktaba, na sasa napumzika. Waliitikia kwa vichwa. Mmoja akasema kazi za ofisi huchosha macho. Mwingine, mzee wa kanisa, akanivuta pembeni kuniuliza kama nafasi yangu imeshajazwa, maana ako na msichana amemaliza kozi na anakaa tu nyumbani. Nilimkazia macho nione kama ananidhihaki. Alikuwa anangoja jibu, kofia mkononi. Nikamwambia nitauliza.

Walikunywa chai, wakaomba, wakaondoka. Mama aliwasindikiza hadi kwenye geti, nikamsikia akicheka nao. Aliporudi ndani alifunga mlango, ingawa jua lilikuwa bado juu, na akasukuma kigoda hadi karibu na magoti yangu. Akaushika mkono wangu. Akapandisha mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akapitisha vidole vyake taratibu juu ya ngozi.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "walikuwa wanakupiga?"



"Hapana, mama. Nilikuwa kwa maktaba."

Aliteremsha mkono wa shati, akafunga kifungo chake. Kisha akapandisha ule mwingine, akaangalia huo pia.