Patroni Asiye na Ufunguo

Niliwahi kuwa mwenye kampuni, patroni, kwa miezi minne. Nilikuwa na kiti changu, na jina langu ndilo lililotangulia kwenye karatasi zote zenye mihuri. Kitu kimoja tu sikuwa nacho, nacho ni ufunguo wa mlango.

Uasi wa mwisho niliopigana ulipokwisha, nilirudisha bunduki, wakanipa kadi yenye picha ya kuonyesha kwamba nimeacha silaha. Nikaenda mji wa Kiwanja kumtafuta mke wangu. Nilimkuta kwa mwanamume mwingine. Watoto wangu wawili walinisalimia kwa adabu, wakanipa mkono kama mgeni wa baba yao. Sikugombana na mtu. Nilirudi Goma, nikapanga chumba cha mbao mtaa wa Birere, nikanunua sahani moja. Mama aliyeniuzia aliniuliza mara mbili kama sitaki na ya pili, na mara ile ya pili nilimjibu vibaya, mpaka leo naona haya nikipita mbele ya meza yake.

Wakati huo jimbo lilitangaza marshe, yaani zabuni, ya kutengeneza madawati ya shule. Ya zamani tuliyachoma sisi. Siwasingizii wengine. Katika shule moja kwenye njia ya Bunagana tulilala darasani siku tatu mvua ikinyesha, tukapika maharage kwa madawati ya watoto. Watoto walikuwa wamechonga majina yao kwa misumari. Nilisoma mawili matatu, kisha nikayatia motoni pamoja na mengine, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Sheria ya marshe ile ilitenga fungu kwa kampuni ndogo za watu walioacha silaha. Ili upate fungu hilo ulihitaji cheti, na cheti kilikuwa na masharti: aliyekuwa askari awe mwenye kampuni kwa zaidi ya nusu, na aiongoze yeye mwenyewe, kila siku, si kwa jina tu. Walioandika sharti hilo la mwisho waliijua Goma vizuri. Walijua kwamba kabla wino haujakauka, kila mwenye mashine atakuwa ameshatafuta askari wake.

Aliyenitafuta mimi alikuwa seremala wa upande wa Bukavu, Mkatoliki asiyekosa misa, mwenye atelye, karakana yake mwenyewe, karibu na mpaka.

"Papa," aliniambia, "miye niko na mashini na mbao. Weye uko na kadi. Tupange dosie moja ya kuomba cheti, tutakula bote."

Nilijua navikwa kilemba cha ukoka. Nilikubali hata hivyo. Tulikwenda pamoja ofisi hii na ile, nikatia sahihi mahali aliponionyesha kwa kidole, na kiti kikawekwa kwa ajili yangu karibu na randa ya umeme.

Niseme ukweli: nilikipenda kiti kile. Mafundi watatu waliokuwa pale walinisalimia kwa utani kila asubuhi, "Patroni, bonzur! Leo unatufukuza nani?" Nami niliwajibu, "Leo namufukuza mwenye kuchelewa," na wote walicheka, kwa sababu hata msumari sikuwa na mamlaka ya kuusogeza. Utani ulikuwa juu yangu, najua. Lakini tangu nitoke msituni hakuna mtu mwingine aliyenisalimia akingoja jibu. Seremala alitaka cheti apate kazi ya madawati. Mimi nilikitaka nipate kubaki kwenye kiti.

Kwa hiyo nilikuwa nafika mapema. Jeshi lilinizoesha kuamka kabla ya jua, na chumba cha sahani moja hakimzuii mtu. Saa kumi na mbili nilikuwa nimeshakaa juu ya jiwe la volkano nje ya mlango wa atelye, nikiwatazama wanawake wakipita na mabeseni ya ndizi kuelekea mpakani. Atelye ilifunguliwa saa mbili.

Tulijua wakaguzi wa cheti watakuja. Seremala alinifundisha majibu yote: aina za mbao, majina ya wateja, bei ya gundi. Niliyakariri kama katekisimu. Asubuhi moja, mapema sana, akaja mama mmoja mwenye faili kwapani, peke yake, bila kutoa taarifa. Alinikuta juu ya jiwe langu.

"Papa, hii atelye ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Sasa weye mwenyewe unangojea nini inje?"

Swali hilo hatukulifanyia mazoezi. Nilisema nimesahau ufunguo nyumbani.

"Haina shida. Enda uikamate, niko nakungojea."

Nilisimama. Nikakaa tena. Niende kuchukua nini? Yule mama alitandika gazeti juu ya jiwe jingine, akakaa, tukangoja wote wawili.

Saa mbili kasoro seremala akatokea, mbio mbio, ufunguo ukining'inia kiunoni. Hakumtazama mama, alidhani ni mteja.

"Sogeya kidogo, papa, nifungule."

Nami nikasogea.

Mama akaandika mstari mmoja, akafunga faili. Kabla hajaondoka aliniuliza polepole, seremala asisikie: "Papa, unafikaka hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Masaa mbili yote, unafanyaka nini?"

Nilikuwa tayari kwa bei ya gundi.

Cheti tulinyimwa. Seremala hakunigombeza, afadhali angenigombeza. "Hapana kosa yako, papa," alisema. "Lakini kesho usisumbuke kukuya. Tutakuita." Hakuniita. Kesho yake niliamka saa ile ile, nikavaa, nikafika mpaka kona ya barabara, nikageuka. Nilifanya hivyo karibu wiki nzima.

Miaka ikapita, nikibeba mizigo ya wachuuzi Birere. Kisha mlima wa volkano ukapasuka. Moto ukashuka, ukasimama pembeni mwa mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku, kuta zikapasuka, mwishowe tukaamriwa kuhama. Watu walikimbilia Sake, Rutshuru, Gisenyi, kila mmoja na godoro lake. Katika msongamano ule pikipiki ikasimama mbele ya mlango wangu. Ni seremala, mkewe nyuma yake amekumbatia sufuria.

"Papa, nilijua nitakukuta. Weye hauna batu ya kukimbia nabo. Unilindie atelye." Akanitia ufunguo mkononi, akaenda.

Alisema bila ubaya hata kidogo, ndiyo maana iliniuma.

Nilifungua mlango mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kufuli lilikuwa gumu. Ndani kiti changu kilikuwa kimewekewa makopo ya rangi. Nilikuwa patroni sasa, kila siku, si kwa jina tu, na hakuna aliyekuja kuniambia bonzur. Umeme haukuwapo. Nilichukua msumeno na vipande vya mbao vilivyobaki, nikatengeneza kitu kwa jinsi nilivyowaona mafundi wakifanya miezi minne. Lilikuwa dawati moja. Mguu mmoja ulitoka mfupi, lakini lilisimama.

Siku ya tisa nilikuwa nimekaa kwenye dawati hilo, mlango nimeufunga kwa ndani kwa kuogopa wezi, niliposikia hodi.

"Papa, ni miye, tumerudia. Fungula!"

Nilisikia tangu hodi ya kwanza. Ufunguo ulikuwa mbele yangu juu ya ubao. Seremala alibisha tena, kisha kwenye ufa wa mbao nikamwona akilitafuta jiwe, akakaa.

Sikumngojesha masaa mawili. Zilikuwa dakika kumi tu, labda. Kisha nikafungua, nikampa ufunguo wake, nikaenda zangu Birere.