Sanduku la Maoni Kutoka Japani

Mimi ni mtu ambaye hunyoosha mkeka wa jirani msikitini kabla ya kunyoosha wangu. Nalisema mapema ili msomaji ajue anashughulika na nani. Shule niliiacha baba alipofariki. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa nyama, na kila neno nililowahi kulikosea mbele ya mtu nalikumbuka mpaka leo, pamoja na uso wa mtu huyo. Kwa hiyo Kapteni aliposema anahitaji mkalimani wa kwenda naye Japani, nilikataa moyoni na kukubali kwa mdomo.

Kapteni alikuwa mwenye duka nililofanyia kazi, katikati ya Kampala. Zamani lilikuwa la Mhindi. Wahindi walipofukuzwa, akagawiwa yeye, kama maduka mengi yalivyogawiwa wanajeshi na rafiki zao, wale ambao mjini tuliwaita mafuta-mingi. Waliuza vilivyokuwemo, na vilipokwisha wakashangaa. Kapteni naye alishangaa kwa muda mrefu. Rafuni kwetu vilibaki vikombe vya kuwekea mayai ya kuchemsha, katoni kwa katoni, ambavyo hakuna mtu mjini aliyejua avifanyie nini. Kulikuwa pia na kamba za viatu. Sukari, chumvi na sabuni tulikuwa tukivisikia tu.

Wakubwa wakaona dawa ni kuwapeleka baadhi ya wenye maduka ng'ambo, wakajifunze ubunifu na utamaduni wa biashara. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua ya safari. Niliisoma mara nyingi, nikitafuta kosa la chapa, nikalipata, likaninyima usingizi.

Kule Japani nilitafsiri tangu asubuhi hadi jioni. Tulipelekwa kwenye kiwanda cha redio. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga mistari uani wakifanya mazoezi ya viungo kabla ya kazi. Kapteni akadhani ni gwaride la kumpokea, akasimama kwa ukakamavu na kupiga saluti mpaka walipomaliza kugusa vidole vya miguu. Mwenyeji wetu, mzee mpole wa suti ya kijivu aliyezungumza Kiingereza, alingoja kwa heshima, kisha akatuonyesha sanduku dogo la mbao lililotundikwa mlangoni.

"Hii ya kura?" Kapteni akaniuliza.

"Hapana, afande. Ni ya maoni. Mfanyakazi akiona jambo linakwenda vibaya, anaandika, anatia humu. Tajiri anasoma."

"Halafu anafanya yeye nini?"

"Anamshukuru, afande."

"Uliza tena."

Nikauliza tena. Mzee akainama, akajibu vilevile, akaongeza kwamba maoni mazuri hupewa zawadi, na kwamba ndiyo siri ya ubora wa redio zao.

"Huyo aliyeandika," Kapteni akasema polepole, "bado iko hai?"

Swali hilo sikulitafsiri. Nilimwambia mzee kwamba Kapteni amefurahishwa sana.

 Ndani ya ndege, tukirudi, tulipokaribia Entebbe, Kapteni akanigeukia. "Ile sanduku," akasema. "Tengeneza."

Kamati iliyotutuma Japani ilikuwa na Kanali mmoja, mtu ambaye jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini hata na Kapteni. Angepita duka kwa duka kuona kila msafiri ameleta nini. Asiyeleta kitu angenyang'anywa duka. Kapteni alinieleza hayo akiwa ameketi juu ya kaunta, akivingirisha kikombe cha yai kiganjani. Kisha akanieleza upande wangu.

"Kanali ikikuta sanduku tupu, mimi itanyang'anywa duka. Wewe utaenda kueleza Makindye."

Makindye ni mlima wenye nyumba za watu, soko na hewa nzuri. Una pia kambi ya jeshi, na mtu akiambiwa anakwenda kueleza huko, jamaa zake huanza kumlia kabla hajafika.

Nikatengeneza sanduku. Nakiri kwamba hata kwa hofu ile sikuweza kulitengeneza ovyo ovyo. Tundu la kutilia karatasi nililipiga msasa mpaka likawa laini kama ukingo wa sahani. Kibandiko cha MAONI YAKO NI MALI YETU nilikiandika upya na upya kwa sababu herufi Y ilikuwa ikiinama. Karatasi nilizikata kwa rula. Penseli nilizichonga zikalingana. Kisha nikasubiri maoni.

Duka lilikuwa na wafanyakazi watatu: mimi, mlinzi, na keshia, mama Mkenya wa makamo aliyekuja Kampala kwa kazi kabla mambo hayajaharibika, akabaki kwa ukaidi. Nilimwita dada. Yeye aliniita shehe, kwa kuwa babu zangu walikuwa waalimu wa madrasa na wafanyabiashara wa kutoka pwani, na kwa kuwa alijua jina hilo linaniaibisha.

Yeye ndiye aliyetia karatasi ya kwanza. Nikaifungua kwa shauku. Ilisema: *Afande ni mrefu.*

"Dada, haya si maoni."

"Ni maoni yangu."

"Lazima useme kitu cha kuboresha duka."

"Shehe, mimi nina watoto Kisumu. Afande ni mrefu. Mlete yeyote na futi, apime. Hapo hakuna wa kunishika."

Mlinzi alileta karatasi isiyo na kitu, ila alama ya dole gumba kwenye kona. "Mimi nimeshasaini," akasema. "Mengine jaza mwenyewe."

Nikajaribu kujaza mwenyewe. Niliandika: *Vikombe vya mayai vipangwe kwa rangi.* Kisha nikaona kwamba maana yake ni kuwa sasa vimepangwa vibaya, na aliyeamuru vipangwe vile ni Kapteni. Nikachana. Nikaandika: *Vikombe vya mayai vimepangwa vizuri sana.* Hilo nalo lilisikika kama dhihaka. Nikajaribu kuandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane, lakini mwandiko wa kushoto ulikuwa mbaya kiasi kwamba niliona haya kuuacha duniani. Nikachana huo pia. Hadi asubuhi ya siku ya ugeni, sanduku lilikuwa na urefu wa Kapteni na dole gumba la mlinzi.

Ndipo nikapata wazo la kulitoa sanduku nje, nikaliweka juu ya stuli mbele ya mlango, nikitumaini huenda mpita njia mwenye roho nyepesi akaandika lolote.

Ambaye hakuishi Kampala miaka ile nitamweleza hivi. Mtu akisimama mbele ya duka lililofungwa, mwingine husimama nyuma yake. Haulizi kinachotolewa. Kuuliza ni kupoteza muda ambao mwenzako anautumia kusimama mbele yako. Unashika nafasi kwanza. Habari zitakufikia baadaye, zikipitishwa mgongo hadi mgongo.

Mama mmoja aliyebeba kikapu alisimama kusoma kibandiko. Alikuwa hajui kusoma haraka, kwa hiyo akakawia hapo. Kijana akasimama nyuma yake. Wanawake wawili wakasimama nyuma ya kijana. Nilipotoka na penseli za ziada, laini ya watu ilikuwa imepita duka la viatu. Baadhi ya watu walikuwa wameshaweka mawe na makopo ya kushika nafasi za jamaa zao.

"Jamani," nikasema, "hapa hatuuzi kitu. Ni maoni tu."

"Tunajua, ssebo," akajibu mama mwenye kikapu, akiniita bwana kwa Kiganda na kunikonyeza.

"Kweli kabisa. Ni maoni."

"Tumesikia. Hata wewe huwezi kusema kwa sauti." Akashusha sauti yake. "Hayo maoni mnatoa kilo ngapi kwa mtu?"

Hapo nikaelewa. Siku zile hakuna mwenye akili aliyetangaza kwamba ana sukari. Iliuzwa kwa mlango wa nyuma, kwa kunong'ona, ikiitwa kila jina isipokuwa lake. Kwa hiyo kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kuamini. Nikipaza sauti kwamba hakuna kitu, laini inarefuka.

"Amesema nini?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Amesema hakuna."

"Eh! Basi iko nyingi!"

Ikavuma kwamba bwana duka amerudi kutoka Japani na meli nzima. Watu walikuja kutoka soko la Kalerwe, wakiwa wameacha nyanya zao za kuuza kwa majirani. Waliandika. Waliosoma waliwaandikia wasiosoma. Niliwasihi wasiweke majina, wakaweka majina, mtaa, na idadi ya watoto. Bwana mmoja ambaye dada keshia alimjua kuwa mjane asiye na mtoto aliandika watoto tisa. "Sita ni wa kwangu," akaniambia kwa ukali nilipomtazama, "na watatu wako njiani."

Sanduku likajaa. Kapteni alipofika na kuona laini ile, macho yakamlowa. "Kijana," akasema, akinishika bega, "Japani yenyewe haina hii."

Kisha Kanali akafika.

Alishuka kwenye gari na walinzi wake, akasimama, akaiangalia laini kutoka mwanzo hadi pale ilipokunja kona.  Waliovaa kofia walivua. Hakuna aliyetoka kwenye nafasi yake.

"Hawa inafanya nini hapa?"

"Inatoa maoni, afande!" Kapteni akajibu, kifua mbele.

"Wote?"

"Wote, afande!"

Kanali akaiangalia tena laini, nami hapo nikaona kosa letu lote. Tulikuwa tumeogopa sanduku tupu. Hatukufikiria hata mara moja sanduku lililojaa. Mji mzima ulikuwa umejipanga mchana kweupe, mbele ya mwanajeshi, kusema unavyoona mambo.

"Watu mingi namna hii iko na maoni," Kanali akasema taratibu, "na serikali haina habari."

Kapteni akawa mfupi. Sina namna nyingine ya kueleza.

"Nani ilileta hii kitu?"

Kapteni akaninyooshea kidole. Sikumlaumu.

"Fungua. Soma."

Tukaingia ndani na sanduku. Nikafungua. Karatasi zikamwagika juu ya kaunta, kati ya vikombe vya mayai. Nikachukua iliyokuwa juu.

"Sukari, kilo mbili. Watoto saba. Wandegeya."

"Nyingine."

"Sukari. Kiasi chochote."

"Nyingine!"

"Sukari kilo tano. Watoto tisa. Watatu wako njiani."

Nilisoma moja baada ya nyingine. Ikatokea pia ile ya urefu wa afande. Nikaisoma, kwa kuwa singeweza kuiruka bila kuonekana naruka. Kanali akamtazama Kapteni kutoka viatuni hadi kofiani, kana kwamba anahakikisha.

"Hii si maoni," akasema mwishowe. "Hii ni sukari."

"Ndiyo, afande," nikasema.  "Kule tulifundishwa kwamba mwenye duka asikisie mteja anataka nini. Amuulize."

"Na wewe ilikuwa haijui?"

Nilitafuta jibu kamilifu, na kwa mara ya kwanza maishani sikulipata kwa wakati. "Nilijua, afande. Kila mtu anajua."

Dada keshia alifumba macho. Kanali akanitazama mimi, halafu zile karatasi. Kisha akawaamuru walinzi wageuke. Akavuta karatasi moja nyeupe, akachukua penseli, akainama juu ya kaunta akikinga kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kunakiliwa, akaandika. Akaikunja, akaitia kwenye tundu.

"Hii kitu iko mzuri," akamwambia Kapteni. "Duka ni yako." Akatoka kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa wa mbele ulikuwa umezibwa na watu.

Kapteni akaketi sakafuni. Dada keshia hakungoja, alichomoa ile karatasi, akaisoma kwa kunong'ona: "*Sukari kilo kumi. Na sabuni, ikiwezekana.*" Akarudia lile neno la mwisho. Hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia mwanajeshi akisema ikiwezekana. Akaiwashia kiberiti hapohapo.

Ikabaki kuwaambia watu. Nilitoka, nikasema sukari haipo. Nilitarajia mawe.

"Lakini mmetuandika?" akauliza mama mwenye kikapu.

"Mmeandikwa."

"Basi, ssebo." Akaondoka bila hasira, na laini ikafumuka nyuma yake, kila mtu akiokota jiwe lake.

"Shehe, nenda nyumbani," dada akaniambia. "Mama yako akuone."

Nilitembea kwa miguu mpaka Kansanga. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na nikajua habari zimenitangulia.

"Umeandika Kampala nzima," akasema, "mama yako umemwacha?"

"Mama, hakukuwa na sukari."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wenye nayo. Mwanangu wa kumzaa!"

"Mama, nisikilize. Leo ilibaki kidogo nipelekwe Makindye."

"Makindye nako wanatoa?"

 Nilimwangalia tu, nikaona uso wake ukibadilika polepole, sukari ikitoka na neno lenyewe likiingia. Akanishika mkono, akanivuta ndani, akanikalisha mkekani. Alimimina chai ya rangi isiyo na kitu kwa mkono mmoja, ikamwagika nusu sahanini, kwa sababu ule mwingine ulikuwa bado umeushika wangu.