Migomba ya Severa Ndani ya Mapipa

Nilipoiona kwa mara ya kwanza migomba ya Severa ikiwa imepandwa ndani ya mapipa, nilidhani ni woga wa mafuriko. Mto Msimbazi ulipita pale pale chini ya matuta yake ya mchicha, na kila masika ulipanda na kubeba ulichokikuta. Nikajiambia kwamba mama huyu amejifunza: pipa laweza kuburutwa hadi mwinukoni, lakini mgomba uliokwisha kuzamisha mizizi hauna pa kukimbilia. Wakati huo nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu si miaka mingi, na nilikuwa na tabia, ambayo sina hakika kama imenitoka, ya kukitafutia sababu kila nilichokiona kabla ya kumwuliza mwenye nacho. Sikumwuliza. Sababu yangu ilinitosha kwa muda mrefu.

Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja Kariakoo, mtaa wa pili kutoka Barabara ya Msimbazi. Yeye na mumewe Melkiori walikaa chumba cha mbele. Mimi nilikaa cha uani. Wao walikuwa watu wa Kibosho na mimi ni wa Mwika, na huko mbali na mlima wa Kilimanjaro jambo hilo lilitosha kunifanya mtoto wao. Nyumba nzima ilimwita Mama Candida, kwa jina la binti yao aliyeolewa Tabora. Jina la Severa nililisikia kinywani mwa Melkiori peke yake, hasa jioni, alipoliita bila kutaka kitu chochote, kama mtu anayepapasa ukuta ajue kama bado upo.

Melkiori alikuwa mchomeleaji katika karakana moja mtaa wa Gerezani, mpaka kifua kilipomkataza. Severa aliuza mboga. Kwanza aliziuza chini, kwenye mchanga wa soko la zamani. Soko jipya lilipofunguliwa akapata kizimba shimoni, ghorofa ya chini ya ardhi, ambako taa huwaka mchana na hewa hunuka vitunguu. Mboga zile hakuzinunua kwa mtu. Alizilima mwenyewe katika bonde la Msimbazi, ng'ambo ya Vingunguti, mahali palipoitwa Kwa Mgiriki.

Enzi za ukoloni Kwa Mgiriki palikuwa shamba kubwa: ng'ombe wa maziwa juu, minazi chini hadi ukingoni mwa mto. Nilipopafahamu mimi, Mgiriki alikuwa amekwisha kwenda zake. Nyumba yake ilibaki kuta tupu, na sehemu ya juu ilikuwa imechukuliwa na serikali. Kipande cha mtoni hakikuwa na wa kukisemea. Alibaki huko Mzee Uwesu, mtu wa Kilwa, aliyekuwa kibarua wa Mgiriki tangu ujana wake, pamoja na mkewe Zamda, katika nyumba ya udongo katikati ya minazi. Uwesu ndiye aliyemwonyesha Severa pa kulima. Naye Severa, kila alipokwenda, aliwapelekea chumvi, mafuta ya taa, na unga siku unga ulipopatikana. Sikusikia hata mara moja ikiitwa kodi.

Mwaka wa sabini na sita Melkiori alianza kushindwa kulala chali. Alikaa kitandani ameegemea mito, akihema kama aliyepanda mlima, na alilosema lilikuwa moja tu.

"Nirudishe kihambani, Severa. Mchanga huu hauna mtu ninayemjua."

Kihamba ni shamba la ukoo, chini ya migomba, ambamo baba yake na babu yake walizikwa. Kila aliyezaliwa mlimani angeelewa. Lakini safari ya Kilimanjaro kwa mtu asiyeweza kuketi saa nyingi ilitaka gari la kukodi, atandikiwe godoro, asimamishwe njiani apumue. Fedha za mchicha zisingefika huko. Severa akaamua kuuza matuta yake.

Alinijia uani akaketi kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. Sikuwa nimewahi kumwona akiketi mchana.

"Wewe ndiye msomi wa nyumba hii," akasema. "Nikiuza matuta yangu ya mtoni, nafanyaje?"

Nilimweleza, na nakumbuka kwamba nilimweleza vizuri mno. Nilisema ardhi ni mali ya umma na haina bei. Kinachouzwa ni kile ambacho mtu amekitia juu yake: nyumba, mti wa kudumu, jasho lake. Anayenunua hulipia miti, na ardhi humfuata.

"Na mchicha?"

"Mchicha hauhesabiki, mama. Ukichumwa umekwisha."

Alitazama mikono yake. Kijani cha mboga hakikuwahi kutoka katika mistari ya viganja vile. "Miaka yote hiyo," akasema, akaikunja mikono. "Basi twende tu, mwanangu. Labda mnunuzi ataona kitu."

Mnunuzi alikuwa Gaudens, mwenye duka la jumla huko huko Kariakoo, Mchaga mwenzetu aliyenona kidogo na mwenye utani mwingi. Rafu zake zilikuwa zimebaki na mishumaa na viberiti; maduka ya watu binafsi yalikuwa yakifungwa nchini kote, naye alikuwa akitafuta mahali pa kukanyaga kabla zamu yake haijafika. Tulikwenda pamoja asubuhi moja. Mzee Uwesu alitupokea njiani, amevaa kanzu safi na kofia.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Karibuni Kwa Mgiriki, ingawa mwenyewe hayupo kuwapikia."

Gaudens alizunguka matuta ya mchicha, matembele na bamia. Aliushika udongo ule mweusi, akauvunja kwa vidole, akaunusa. Niliona kwamba ameutaka. Kisha akafika penye mapipa.

"Mama Candida, hii migomba ilikosa nini hata ikafungwa?"

"Haijafungwa. Imehifadhiwa," Severa akajibu.

"Ni mshare?"

"Mshare. Mbegu ya nyumbani."

"Imekonda kama karani," akasema Gaudens, akinitazama mimi. Uwesu akacheka mpaka akakohoa.

Kisha utani ukaisha. Gaudens akajifuta mikono. "Mama, ardhi nimeipenda, sitakuficha. Lakini nitaandikiana nawe nini? Hapa hakuna mti. Nikilipia mchicha, kesho akija mtu akaniuliza nimenunua nini, nimwonyeshe kikapu?"

Severa alikuwa amesimama huku uzito wote ameuacha mguu mmoja, kama afanyavyo kizimbani jioni wateja wakiwa wamekwisha. Hapo ndipo Mzee Uwesu alipoinua fimbo yake akaielekeza juu, kwenye minazi.

"Minazi hii ni ya Mama Candida," akasema. "Yote, hadi mtoni. Mimi ndiye niliyebaki hapa, na mimi ndiye shahidi."

Nilijua kwamba si kweli. Minazi ile ilikuwa imeanza kuzaa Severa akiwa bado msichana Kibosho. Lakini nilinyamaza, na moyoni nilifurahi, kwa maana nilimwona Melkiori amelala ndani ya gari linalokwenda polepole. Gaudens naye alifurahi. Minazi ina bei, na kila mtu anaijua.

"Na nyumba yako, mzee?" akauliza. "Maana imekaa katikati."

"Nyumba ya udongo ile. Udongo uko kila mahali."

Zamda alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Nikaona ungo umetulia mikononi mwake.

"Sina mnazi hapa," Severa akasema.

"Unao, mama," Uwesu akasema kwa upole.

"Mzee Uwesu, sina. Sikupanda mnazi."

"Mgonjwa wako yuko kitandani."

"Namjua alipo."

Gaudens akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Sijawahi kuona soko la namna hii. Shahidi anampa, mwenye shida anakataa."

Nilimvuta Severa kando. Nilimwambia kwamba mzee anamsaidia, na hakuna atakayedhurika, kwani Mgiriki harudi tena.

"Najua harudi."

"Basi minazi ni ya nani, kama si ya yeyote?"

Nilitarajia hasira, au machozi, na sikupata lolote kati ya hayo. "Umechoka, mwanangu," akasema. "Kaa kivulini kidogo."

Nilikwenda kukaa kivulini. Nikiwa hapo nilitunga sababu yangu ya pili. Nikasema ni malezi ya misheni: mama huyu amefundishwa asiseme uongo, basi hawezi kuusema hata kwa ajili ya mume anayekata roho. Nilimheshimu kwa hilo, na wakati huo huo nilimlaumu sana. Niliona anaununua usafi wa moyo wake kwa pumzi za Melkiori. Sentensi hiyo niliipenda, nikaibeba hadi mjini.

Alichouza ni migomba. Aliionyesha kwa mkono, akasema hii ni yangu, mizizi hata majani. Gaudens aliguna, akayapiga mapipa teke la majaribio, moja moja. Mwaka ule pipa halikupatikana mjini hata kwa kibali, na nadhani aliyalipia mapipa zaidi ya migomba, na juu ya yote akaongeza kwa huruma ambayo hakutaka ionekane. Tulikodi mkokoteni kumpelekea dukani kwake. Tulipita Buguruni hadi Barabara ya Msimbazi, majani mapana yakiyumba juu ya vichwa vya watu, na vijana wa barabarani wakipiga kelele, "Mama, unahamia Moshi na shamba lako?" Severa alifuata nyuma ameshika jani moja, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

Gari la kukodi halikuwezekana tena. Walikwenda kwa treni, daraja la tatu. Niliwasindikiza stesheni nikiwa nimebeba mito. Severa alimketisha Melkiori dirishani, akaketi ubavuni mwake, akamkaza kwake kwa kitenge ili asianguke atakaposinzia.

"Umeuza?" Melkiori akamwuliza.

"Nimeuza."

"Shamba lote?"

"Nimeuza kilicho changu."

Aliridhika na jibu hilo, au hakuwa na nguvu za kuuliza lingine. Alifika. Nilipata habari kwa watu waliotoka huko kwamba toka barabarani walimpandisha juu kwa kiti, wanaume wakipokezana, na kwamba aliishi hadi maharage yalipotoa maua. Alizikwa alipotaka. Severa hakurudi Dar es Salaam. Kizimba cha shimoni kilipata mtu mwingine, na chumba cha mbele kilipata fundi wa redio aliyependa kuongea. Nilihama muda mfupi baadaye.

Ilipita karibu miaka kumi kabla sijashuka tena Kwa Mgiriki. Ofisi yetu ilinituma kuangalia mashamba ya bondeni, kazi ambayo nilijua haitaleta kitu, na nilikuwa nimekwisha kuzizoea kazi za namna hiyo. Nywele zangu zilikuwa zimeanza mvi. Minazi ilikuwepo, mirefu zaidi, na nyumba ya udongo ilikuwepo katikati yake, imeezekwa upya. Zamda alikuwa peke yake; Uwesu alikuwa amefariki. Nilimwamkia, nikajieleza, naye akanikumbuka kama yule kijana aliyekwenda kukaa kivulini.

Nikamwuliza, kwa kuwa sasa hakukuwa na wa kudhurika, kwa nini mzee alisema uongo ule.

"Uongo upi?"

"Kwamba minazi ni ya Mama Candida."

Akanitazama kwa mshangao. "Mzee aliitoa mwenyewe. Ilikuwa yake. Aliipanda marehemu kwa mikono yake, ujanani, Mgiriki akiwa amekaa kwenye kiti. Kwetu pwani aliyepanda mnazi ndiye mwenye mahali, hata kama makaratasi yanasema vingine. Mama Candida alilijua hilo. Siku ya kwanza kabisa alimwambia mzee: mimi sitatia mzizi wa mti katika ardhi yako, asije mtu baadaye akasema ni yangu. Lakini nyie watu wa mlimani bila mgomba hamlali. Basi mumewe akamkatia mapipa Gerezani."

Nilitazama mahali mapipa yalipokuwa. Palikuwa pameota majani ya kawaida.

"Marehemu naye hakuona njia nyingine ya kumlipa wema huo," Zamda akaendelea, akichambua mchele wake. "Asubuhi ile, kabla hamjafika, tulikuwa tumekwisha kufunga mizigo yetu yote. Ungo tu ndio niliouacha nje."