Aliyegusa Chini Haumwi

Mpaka leo nikisikia harufu ya samli iliyochacha, kichefuchefu kinanipanda. Sijui nyie wenzangu mlichuliwa na nini utotoni. Mimi nilipakwa uozo huo siku tatu mfululizo.

Ilikuwa kwetu Ngara, mpakani na Burundi, miaka ile wakimbizi walipojaa hata kisimani kukawa na foleni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikitembea, sikuwa na shida. Nikisimama foleni na ndoo, kiuno kinawaka moto. Mama akanipeleka kwa shangazi, dada yake baba, aliyesifika kwa kuchua migongo. Vidole vyake vilinuka samli na ugoro. Ptuu!

Siku ya tatu akanipima. "Inama, uguse chini." Nikainama, viganja vikalala chini vyote. Shangazi akapiga makofi, akaita majirani: "Njooni mwone mgonjwa! Aliyegusa chini haumwi. Uvivu tu huu!" Wakaniinamisha tena na tena, wakanikunja vidole kinyumenyume, wakacheka mpaka machozi. Mama alicheka kuliko wote, kisha akanipa ndoo. Nilimchukia, nasema kweli.

Wiki iliyofuata nilikaa chini kwenye foleni, nikashindwa kuinuka. Nikabebwa hadi zahanati ya mahema, mama akifuata nyuma. Muuguzi alikuwa mwanamke mkimbizi kutoka Burundi. Kirundi chake sisi Wahangaza tulikielewa bila taabu, maana kinakaribiana na lugha yetu. Aliuliza maumivu huanza lini, kama miguu hufa ganzi, kama mkojo hunitoka bila kujua. Kisha akaniambia niiname; viganja vikalala chini vilevile.

"Si unaona?" mama yangu akamwambia. "Anadanganya."

"Siangalii anafika wapi, mama. Naangalia anavyoinuka," muuguzi akajibu.

Niliinuka kwa kujisukuma mapajani kwa mikono. Muuguzi akakunja dole gumba langu, likapita kifundo, likalala bapa juu ya mkono. Akapima viwiko, akapima magoti.

"Viungo vyake vimelegea mno. Huyu atagusa chini hata akiwa hoi." Kisha akamgeukia mama. "Hebu lete na wewe dole gumba."

La mama likalala vilevile.

"Kiuno chako kinauma tangu lini?"

Mama akaficha mkono ndani ya kanga. "Nani kasema kinauma?"

Alipoinuka kwenye benchi, alijisukuma mapajani kwa mikono. Nilikuwa nimemwona akiinuka hivyo shambani kila siku ya maisha yangu, nikidhani ndivyo akina mama wote wanavyoinuka. Ukubwani ndipo nilipojiuliza ni nani alimwinamisha yeye, na ni akina nani walioitwa kuja kucheka.