Hodi Tatu na Bodi Iliyolala

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, nami nakuandikia ingawa sijui kama mvi chache za kidevuni zatosha kumpa mtu ruhusa ya kunasihi. Shule niliishia darasa la nane. Mambo ya umeme niliyaokota kwenye video za simu.

Bibi yetu, Bi Rukia, alikaa ghorofani, nyumba yetu ya Mji wa Kale, na masikio yake yalikuwa yamechoka. Nawe waijua ada: hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni hurudi zake wala halaumiwi. Ijumaa ile, baada ya alasiri, wazee walikuwa waje kumposa dada yangu Mwanaidi. Nikaapa hodi zao hazitapotea.

Nikachukua bodi ndogo ya kompyuta, ukubwa wa kiberiti. Mlangoni nikatia kihisio cha mtikisiko, na kando ya kiti cha Bibi nikaweka taa. Kazi ya bodi ni kulala. Mlango ukigongwa, iamke na kuwasha taa. Ikilala vyema, betri hudumu miezi. Yangu haikumaliza siku mbili.

Nikaiunga na kompyuta kwa kebo, nikaiamuru iniarifu kila mara kama imelala. Ikaandika: "Nimelala." Nikafurahi kweli.

"Abdu, chasemaje hicho?" akauliza Bibi.

"Chasema kimelala, Bibi!" nikapiga ukelele.

"Kimelala, na chasema?" Akacheka hata leso ikamdondoka. "Nawe ukilala nije nikuamshe, nikuulize kama umelala? Usiamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe."

Kusema haki, Bibi hakujua bodi ni nini. Lakini kweli ni kweli. Maswali yangu ndiyo yaliyoikesheza. Nikayafuta, nikang'oa kebo, nikapima umeme unaoliwa kwa mita ya mshale kwenye waya wa betri. Mshale ukashuka kidogo. Kumbe kitaa cha bodi nacho kilikuwa kikiwaka hata yenyewe ikilala; nikakitoa. Bado mshale ukarukaruka. Kila mkokoteni, kila mpira wa watoto, kila paka aliyejikuna mlangoni aliiamsha. Paka simlaumu, alikuwapo kabla ya bodi. Nikachomoa waya wa kihisio nione usingizi mtupu. Mshale ukalala kwenye sufuri.

Ndiyo Ijumaa hiyo, na alasiri imeshaswaliwa.

"Tazama, Bibi! Haili hata punje!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami hakuna aliyenisifu ila mimi mwenyewe.

Baadaye tuliambiwa kwamba wakati huo wazee walikuwa chini, na hodi ya tatu waliipiga kwa pumzi zote. Wanawake wa jikoni walikuwa wakikaanga sambusa. Mimi nilikuwa nikimpigia kelele kiziwi, kwa hiyo tukawa viziwi wawili.

Bibi akachungulia dirishani, akaona migongo ya kanzu ikienda zake. "Hao wendao ni nani?"

Nikaganda, waya mkononi. Yeye hakuganda. Akavua champali yake mguuni, akaivurumisha, ikatua kwenye kofia ya mjomba wa bwana arusi. Mjomba akainua uso.

"Karibuni!" akasema Bibi. "Na hiyo champali mje nayo!"

Wakapanda. Mjomba aliishika kwa mikono miwili kama sinia ya halua, akasema nyumba inayomng'ang'ania mgeni hivyo haitamwachia mkwe. Posa ikapokewa. Mwanaidi hakuzungumza nami mpaka siku ya nikahi, na sidhani alikosea.

Basi mwanangu, chombo kikikumalizia betri, kwanza jiulize kama si wewe unayekikesheza kwa kukichungulia. Toa kilacho bure, kimoja kimoja, upime kila mara. Kisha, na hapa ndipo nilipoteleza, usisifu usingizi kabla hujajaribu kuamsha. Rudisha waya, shuka, gonga mlango kwa mkono wako. Sina uhakika na mengi, ila hilo nina hakika nalo.

Mola akujaalie ulale salama, na ukiitwa kwenye heri, usikie hodi ya kwanza.