Kaboni ya Mikono Mitano

Muhula wa pili wa mwaka wangu wa pili chuoni nilimdharau karibu kila mtu aliyeingia katika ukumbi ule wa mihadhara, na mpaka leo naamini wengi wao walistahili.

Chuo chetu kiko nje kidogo ya mji wa Nyeri. Somo lilikuwa Kemia Ogani ya Pili, Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi, msimu ule wa baridi ambapo ukungu hauondoki madirishani mpaka saa tano. Mimi nilikuwa nimetaka udaktari wa watu. Alama zangu za kidato cha nne zilipungua kidogo tu, nikapangiwa ualimu wa sayansi, kozi ambayo nyumbani kwetu Endarasha, kwenye mashamba ya viazi, watu waliipongeza kwa sauti ileile wanayotumia kumpa mtu pole. Kwa hiyo niliketi darasani kama abiria aliyepanda gari lisilo lake, nikawatazama waliofurahia safari.

Mhadhiri wetu tulimwita Daktari, kwa sababu hakuitikia jina lingine. Alikuwa na makaratasi yake ya miaka mingi, yaliyopigwa fotokopi ya fotokopi mpaka herufi zikanenepa, na kazi yake ilikuwa kutusomea. Alisoma neno kwa neno. Palipoandikwa "tazama mchoro upande wa pili" alipasoma pia, kwa sauti nzito, kisha hakugeuza ukurasa. Mtu akiuliza swali, Daktari alivua miwani, akaipangusa kwa sweta yake ya rangi ya damu ya mzee, akasema, "Hiyo iko kwa notsi." Ndiyo yalikuwa maarifa yake yote.

Wenzangu walimpenda. Aliyekariri makaratasi yale alipita, na kukariri walikuweza. Katika kemia hii mshale mdogo uliopinda huonyesha elektroni zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Ukiuelewa huo mshale huna haja ya kukariri chochote. Wao waliikariri mishale kwa kalamu za rangi, wa kwanza mwekundu, wa pili kijani, wala hawakujiuliza hata siku moja kwa nini imepinda. Na hao ndio wangekuja kufundisha watoto wa watu.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akilirudia somo. Alikuwa ameanguka mwaka uliotangulia, akawekwa kikundi chetu cha mazoezi. Babake alikuwa polisi kutoka magharibi aliyehamishiwa Nyeri zamani, na msichana alikuwa amekulia kwenye nyumba za polisi mjini, akazungumza Kikuyu vizuri kuliko mimi mwenye nacho. Nilimdharau kuliko wote. Alisoma polepole, mdomo ukichezacheza. Kila alipochora kaboni alihesabu mikono yake kwa vidole, kama mtoto wa chekechea. Kaboni ina mikono minne ya kushika wengine, hiyo hata mwanafunzi wa sekondari anajua. Yeye alihesabu kila mara.

Alasiri moja tulikuwa wawili tu maktaba. Tulikuwa kwenye ukurasa wa jinsi asidi na alkoholi zinavyoungana kutengeneza esta, zile kemikali zenye harufu ya matunda. Akanisukumia karatasi.

"Hebu nihesabie hii kaboni ya katikati. Iko na mikono ngapi?"

"Minne," nikasema bila kuangalia. "Kaboni huwa na minne."

"Sijauliza ya kila siku. Nimeuliza hii."

Nikahesabu ili nimnyamazishe. Mkono mmoja kwa kaboni jirani. Miwili kwa oksijeni ya juu. Mmoja kwa oksijeni ya pembeni. Na mmoja kwa oksijeni ya alkoholi iliyokuwa imetoka tu kufika. Mitano. Nikahesabu tena, safari hii kwa kidole. Mitano. Alkoholi ilikuwa imeingia na hakuna aliyeachilia mkono kuipisha. Mshale mmoja ulikosekana, ule ambao ungepeleka elektroni juu kwa oksijeni. Pengine ulimezwa na mashine ya fotokopi miaka mingi nyuma, na tangu hapo Daktari akausoma mchoro bila mshale, na madarasa mengi yakaunakili bila mshale. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeunakili juzi. Vizuri sana, kwa rula.

"Nilidhani ni mimi sielewi," akasema. "Mwaka jana hapa ndipo nilikwama. Nilikuwa nahesabu, nahesabu, haiingii."

Ningeweza kumwambia kwamba katika watu zaidi ya themanini ni yeye peke yake aliyekuwa akifanya kemia. Badala yake nilisema, "Wacha nitamuuliza Daktari."

Alhamisi nikainua mkono. Nilieleza kosa lile kwa ufasaha, nikahesabu mikono kwa sauti, nikapendekeza mahali pa mshale. Sikumtaja mtu. Kila nilichosema kilikuwa cha msichana yule, isipokuwa majivuno.

Daktari akavua miwani. "Wewe unatoka wapi?"

"Endarasha, Daktari."

"Ati Endarasha. Sasa wewe enda uhesabu viazi, kaboni uniachie mimi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nikaketi. Kisha nikasikia kiti kikivutwa nyuma yangu. Msichana alikuwa amesimama.

"Daktari, si yeye alihesabu. Ni mimi. Na ziko tano."

Daktari akamkazia macho. "Si wewe ndiye ulianguka hii pepa mwaka jana?"

Wakacheka tena, kwa nguvu zaidi, na mara hii nilicheka pamoja nao. Nilicheka kwa raha ya mtu aliyetuliwa mzigo na kuona mwingine akitwikwa.

Nje, kwenye ngazi, alinifikia.

"Kwa nini hukusema ni mimi niliona?"

"Sikupata nafasi."

"Ulipata. Uliongea karibu dakika tano." Hakupandisha sauti. Alifunga zipu ya mkoba wake, akaenda zake.

Mtihani ukaja mwezi wa nane. Swali la tatu lilikuwa lile lile: onyesha, kwa mishale, jinsi esta inavyotengenezwa. Nilichora kwa penseli mchoro ulio sahihi, mshale wake ukiwa mahali pake, kaboni na mikono minne. Nikautazama. Kisha nikachukua kifutio, nikaufuta, nikachora ule wa Daktari kwa kalamu ya wino. Nilijiambia kwamba namdharau mtu huyu kiasi cha kumpa anachostahili. Ni sababu niliyoipenda sana wakati huo. Ukweli ni kwamba nilitaka A.

Nikaipata. Msichana alichora mikono minne, na chini yake akaandika kwamba mchoro wa kwenye notsi umekosea. Alipoomba kuona karatasi yake alikuta swali zima limepigwa mstari mwekundu, na maneno mawili: "Soma notsi." Alama alizonyimwa hapo ndizo zilizomwangusha.

Akanitafuta, akanikuta nikifungasha vitu vyangu bwenini.

"Nataka kwenda kwa mkuu wa idara," akasema. "Nikienda peke yangu atasema ni mtu ameanguka analia. Wewe uko na A. Ukisema ziko tano, watasikia."

"Leo nasafiri. Nyumbani wanavuna, wananingoja."

Mavuno yalikuwa yamekwisha wiki mbili nyuma. Sijui kama alijua. Alitingisha kichwa, akasema, "Sawa, wasalimie."

Akaenda peke yake. Baadaye alinisimulia. Mkuu wa idara alitoa kitabu rafuni, akakifungua, akaweka makaratasi ya Daktari kando yake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akafunga kitabu. Akamweleza kwa upole kwamba wakirekebisha yake itabidi warekebishe za wengi, wengine wameshaajiriwa, na maswali yatatoka juu. Afadhali afanye mtihani wa kurudia, yaishe. Akaufanya. Swali la esta halikuwemo, na akapita.

Mwaka uliofuata nilimwona kijana wa mwaka wa pili akisoma kantini. Nikachungulia karatasi yake. Ilikuwa fotokopi mpya, nyeupe, na kaboni ya katikati ilikuwa na mikono mitano. Kando yake mtu alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: "Muhimu, hutoka kila mwaka."

Siku ya mahafali jua lilitoka mapema, mlima ukaonekana mzima. Nilikuwa nikiwatafuta watu wetu kwenye uwanja niliposikia nikiitwa. Msichana alikuwa ameketi kwenye nyasi na jamaa zake, wamefungua vyakula. Babake akainuka, mwanamume mrefu aliyevaa suti iliyombana mabegani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Huyu msichana wangu aliniambia hii kemia ilimsumbua sana, na mlikuwa mnasoma na yeye," akasema. "Asante, mwalimu. Mungu akubariki."

Nilimtazama msichana. Nilingoja aseme jambo, walau atabasamu kidogo ili babake ajue kwamba shukrani zile hazikuwa zangu. Alikuwa akipakua wali na kuku. Akaninyooshea sahani.

"Kaa ule," akasema.

Nikaketi nikala, na baba mtu aliponiuliza kama nimeshiba, nikakubali kuongezwa.